Sura ya Nne: Siku ya Kupewa Jembe

Kila Desemba ukoo wetu uliporudi Marangu, mbuzi wa kwanza alichinjwa kwa baba mkubwa. Mgawo ulifanyika chini ya mparachichi nyuma ya jiko, juu ya majani ya mgomba, na baba mkubwa hakuhitaji karatasi. Ananyanyua kipande, anataja jina, mtu anakuja anachukua. Kichwa, shingo, kidari, ubavu, paja: kila kipande kina mwenyewe, na mwenyewe anajua kwa nini ni chake na si cha mdogo wake. Kwa Wachaga mbuzi ni daftari la ukoo. Ukitaka kujua nani ni nani usiulize, simama pale mparachichini utege masikio.

Watoto wa kiume nao walikuwa na vipande vyao, vidogo, vya kubanika palepale. Waliitwa mmoja mmoja. Nilikuwa na miaka tisa nilipogundua kwamba mimi siitwi. Hakuna aliyeninyima. Mama alinikatia kutoka fungu la baba, tena kipande chenye mafuta, na baba akanisogezea chumvi. Nilishiba kama wenzangu, labda kuwazidi. Ila wao walikula cha kwao, mimi nikala cha baba, na mtoto wa miaka tisa anaijua tofauti hiyo hata kama hana namna ya kuisema.

Usiku ule nilimfuata mama jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo wa maharage mapajani, anachambua karibu na koroboi.

"Mama, mimi mliniokota?"

Hakunyanyua uso. "Nani kakwambia?"

"Hakuna."

Ilikuwa kweli. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilikuwa nimejua tu, kama unavyojua kuna mgonjwa ndani ya nyumba kwa jinsi watu wanavyofunga mlango. Wanawake waliokuja kusuka mikeka na mama walipunguza sauti nikipita. Shangazi mmoja alikuwa na tabia ya kunishika kidevu, kuniangalia, kisha kusema, "Mungu ni mwema," bila sababu yoyote ya karibu.

Mama alitoa jiwe, akalitupa mlangoni. "Kinachookotwa kimeanguka," alisema. "Wewe nilikufuata. Nilipanda nawe basi Kondoa alfajiri. Babati ukanitapikia. Arusha ukalala. Himo ukaamka unacheka watu. Kanga niliyokubebea ni ile ya bluu, ile iliyochanika pindo."

Niliijua kanga ile. Ilikuwa imekuwa kitambaa cha kufunikia sufuria.

"Na mama yangu?"

"Alifariki," alisema, akaanza kupeta.

Miaka mingi baadaye watu wamenifuata kuniuliza namna ya kumwambia mtoto kwamba hawakumzaa, na huwa nawasimulia habari ya ungo ule, kwa sababu mama alifanya jambo moja zuri sana na jingine baya, yote mawili kwa sauti ileile. Zuri ni basi la Kondoa. Hakuniambia nilichaguliwa na malaika wala kwamba mimi ni zawadi. Alinipa njia, vituo, matapishi na kanga. Mtoto anaweza kuikalia habari ya namna hiyo, akaizungukia, akarudi kesho kuuliza basi lilikuwa la rangi gani. Baya nitalifikia.

Kiswahili kina maneno mengi ya mtoto wa namna yangu, na kila neno lina ncha yake. Mtoto wa kufikia amekuja na mama yake kwenye ndoa mpya. Wa kambo ndiye huyohuyo, ila akiangaliwa kwa jicho kali zaidi. Wa kulea anaweza kuwa mtoto wa dada yako aliyekuja kusoma. Wa kuokota ni tusi. Kwenye karatasi za serikali kuna neno la tano, ambalo sikulisikia kwetu hata siku moja: mtoto wa kuasili.

Nimelitafuna neno hilo kwa miaka. Linatoka kwenye asili, yaani chimbuko, pale mtu alipoanzia. Kumwasili mtoto ni kumpa asili kwako, kama ambavyo kikonyo cha mti mmoja hupandikizwa kwenye shina la mwingine. Ukilitamka haraka linakaribiana na kuasi, na kuna wakati katika ujana wangu nilidhani hilo ndilo nililofanyiwa: kwamba kuna mtu aliyeasiwa na kuna mtu aliyeasi, na mimi niko katikati nikiwa na sare safi za shule.

Sheria hulifanya jambo hili kwa kalamu. Amri yangu ilitolewa mwaka 1983 chini ya sheria ya mkoloni iliyokuwa bado inatumika, Sura ya 335. Ilikuja kufutwa na Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inayotaka maombi yapelekwe Mahakama Kuu na kuweka kazi ya kumweleza mtoto mikononi mwa wazazi waliomwasili. Msajili Mkuu anaandika kwenye daftari la watoto walioasiliwa, na tangu siku hiyo mtoto anahesabiwa kama aliyezaliwa nyumbani mle, hadi kwenye mirathi. Ni sheria njema. Lakini haijui mparachichi. Hakimu anaweza kuamuru nirithi, hawezi kuamuru baba mkubwa anyanyue kipande cha nyama aniite.

Baada ya habari ya maharage nikawa mtoto mzuri kupita kiasi. Niliosha vyombo bila kuambiwa. Nilikuwa wa kwanza darasani, na nikiwa wa pili niliumwa tumbo. Sikuomba viatu, nilivaa vya zamani mpaka gumba likachungulia, nikangoja mtu aone. Watu wakamsifu mama kwa malezi. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nalipa kodi ya nyumba.

Hili ndilo jambo ambalo waliolelewa kwao hawalioni. Mtoto wa kuzaliwa hana haja ya kushukuru kwa kuwepo. Anakula, ananuna, anagoma kwenda kisimani, na kesho yake bado ni mtoto wa pale. Sisi tunaambiwa tushukuru. Tunaambiwa na majirani, na wachungaji, na shangazi mwenye kushika videvu. Shukrani yenyewe si mbaya, lakini ukiigeuza kuwa sharti, yule mtoto anakuwa mgeni asiyeondoka. Ana adabu za mgeni, anakaa pembeni ya kiti, anasema inatosha kabla hajashiba.

Na kweli walinichukulia kama mgeni. Kwetu mtoto alichapwa na mtu mzima yeyote wa ukoo aliyemkuta na kosa. Mimi, isipokuwa mama, hakuna aliyenigusa. Tukikamatwa watano juu ya mti wa mapera ya watu, wanne walichapwa, mimi niliambiwa, "Nenda kwa mama yako." Wenzangu waliona napendelewa. Nilisikia neno walilokuwa wanalitumia wakubwa: mtoto wa watu. Mtoto wa watu hapigwi.

Mambo yalibadilika nikiwa na miaka kumi na mitatu, na kilichoyabadilisha ni mfongo. Kwa asiyejua, mifongo ni mifereji inayoshusha maji ya mlima hadi kwenye vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani, na kila kihamba kina zamu yake. Kuiba zamu ya maji ni kosa ambalo wazee hawalifanyii mzaha. Usiku mmoja wa likizo tulifungua mfongo watano, tukaelekeza maji kwenye shimo la kuchimbia udongo, tukaogelea mpaka jogoo wa kwanza. Asubuhi mzee wa chini yetu akaamkia mfereji mkavu na kahawa yenye kiu.

Wazee wa mfongo wakakaa. Ukoo wetu ukatozwa mbege, na faini ikapigwa kwa vichwa: watoto watano, madebe matano. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, nasikiliza. Mmoja wa baba wadogo alisema, "Yule mtoto wa watu mwacheni, hesabuni wanne." Baba mkubwa akakaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Alikuwepo, hakuwepo?" Wakasema alikuwepo. "Basi ni watano."

Tulipangwa mstari. Zamu yangu ilipofika baba mkubwa alimtazama mama, mama akageukia kule kwenye migomba, nikapata viwili kama wenzangu. Sisifii viboko. Nimelea watoto watatu bila fimbo na sijutii. Nasimulia kilichotokea tu: nililia kwa sauti kubwa, bila adabu, na ndani ya kilio kile kulikuwa na raha ambayo sikuielewa kwa miaka ishirini. Krismasi ile jina langu liliitwa mparachichini. Kipande chenyewe kilikuwa mfupa mtupu.

Baba alifariki mwaka 2008. Tulipokuwa tunatafuta karatasi zake za chama cha kahawa kwa ajili ya mirathi, nilivuta sanduku la bati chini ya kitanda, na chini kabisa, ndani ya bahasha ya kaki iliyolainika kama kitambaa, nikakuta nakala ya amri ya mahakama na karatasi ya ridhaa. Ridhaa ilikuwa na dole gumba la zambarau. Wino ulikuwa umefifia kingoni lakini katikati mistari yote ilisomeka. Mama mzazi, umri miaka kumi na saba. Jina la mtoto: Rajabu.

Kwa hiyo hakuwa amefariki. Alikuwa hai siku ile ya dole gumba, na kama nilivyokuja kujua, alikuwa hai usiku ule wa ungo wa maharage, na akaendelea kuwa hai mpaka mwaka 2003, nikiwa na miaka ishirini na mmoja, mwanafunzi wa chuo mwenye nauli mfukoni.

Nilimfuata mama jikoni, jiko lilelile.

"Ulisema alifariki."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Ungeenda."

"Ningeenda wapi? Nilikuwa na miaka tisa!"

"Ndiyo," alisema. "Hapo ndipo mtoto anaweza kwenda na asirudi."

Sikumwelewa, wala sikutaka kumwelewa. Kwa karibu mwaka mzima nilimpigia simu Jumapili, nikauliza habari za mvua, nikakata. Watu hupenda kusikia kwamba tulikumbatiana. Hatukukumbatiana. Nilirudi kwa sababu bati la jiko lilivuja na hakukuwa na mwingine wa kupanda juu.

Katika mwaka ule wa hasira nilisoma kila kilichopatikana kuhusu watu kama mimi. Kuna mtaalamu wa saikolojia wa Uingereza, H. J. Sants, aliyeandika mwaka 1964 juu ya bumbuwazi la nasaba, yaani kuchanganyikiwa kwa mtoto asiyejua damu yake imetoka wapi. Huyo nilimwelewa mara moja. Kuna pia Nancy Verrier wa Marekani, aliyeandika mwaka 1993 kwamba mtoto akitenganishwa na mama aliyemzaa, hata akiwa mchanga kabisa, anabaki na jeraha la awali. Kitabu chake kimewafariji wengi, na nawaheshimu. Mimi kilinikaba. Ukimwambia mtu kwamba kila anapogombana na mkewe ni jeraha la kitovu, umemfungia mlango kwa nje.

Aliyenifungulia ni mshairi. Lemn Sissay alizaliwa mwaka 1967 Uingereza, mama yake akiwa mwanafunzi kutoka Ethiopia. Ofisa wa ustawi alimpa mtoto jina la Norman, akamkabidhi kwa familia ya walezi, na ilipofika miaka kumi na miwili wale walezi wakamrudisha serikalini. Alipokuwa anatoka mikononi mwa serikali, akielekea miaka kumi na minane, alipewa cheti chake cha kuzaliwa. Ndipo alipoliona jina lake. Pamoja na cheti kulikuwa na barua ya mwaka 1968 ya mama yake, akiomba arudishiwe mtoto. Lemn, kwa Kiamhari, ni kuuliza kwa nini. Alipigania faili lake kwa miaka kama thelathini, akalipata mwaka 2015, na kitabu alichokitoa mwaka 2019 kimejaa kurasa za faili lile, barua za maofisa wakijadiliana juu ya mtoto kana kwamba ni kiwanja. Niliposoma habari zake nilichukua ridhaa yangu nikaweka gumba langu juu ya lile la zambarau. La mama mzazi lilikuwa dogo.

Sissay aliibiwa jina na ofisa mmoja. Wengine waliibiwa na dola nzima, na karibu na kwetu. Wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, watoto waliozaliwa na mama Mwafrika na baba Mzungu katika Kongo, Rwanda na Burundi walichukuliwa kwa mama zao wakapelekwa misheni. Mamia kati yao, waliokuwa wamekusanywa Save nchini Rwanda, walisafirishwa hadi Ubelgiji uhuru ulipokaribia, wakagawiwa kwa familia na vituo. Mwaka 2019 waziri mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua kwamba kuwachukua wanawake watano wa Kongo walipokuwa wadogo kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na dola iwalipe fidia ya euro 50,000 kila mmoja. Wakati huo walikuwa bibi wa miaka sabini na kuendelea. Nawataja ili msomaji asidhani kila kuchukua mtoto ni kulea. Mama yangu alidanganya, lakini alipanda basi akiwa na karatasi yenye dole gumba lililotolewa, na bahasha hakuichoma.

Kondoa nilikwenda mwaka 2010. Barabara kutoka Babati ilikuwa bado vumbi, na njiani nilijikuta nauliza ni wapi hasa nilipotapika. Kijiji kiko upande wa Kolo, huko kwenye miamba yenye michoro ya kale. Mama yangu mzazi alikuwa na dada, mama mkubwa kwangu, na dada huyo alipotoka mlangoni alinitazama kuanzia juu mpaka miguuni, akasimama miguuni. Nina kidole cha pili kirefu kuliko gumba. Akavua kandambili yake akanionyesha cha kwake.

Binadamu wa kwanza wa damu yangu niliyemwona maishani alikuwa binti yangu mkubwa, leba, usiku, mwaka mmoja kabla ya safari hiyo. Wauguzi walidhani nalia kwa furaha ya uzazi. Nilikuwa nimeshika kidole chake cha mguu. Miaka yote nilikuwa nimezoea kutofanana na mtu, kama unavyozoea nyumba isiyo na kioo, na ghafla kikaletwa kioo kimefungwa kwenye kanga. Mama mkubwa alikuwa kioo cha pili.

Nilipokelewa kama mfalme. Nilipewa kiti pekee chenye egemeo, soda iliyofuatwa kwa baiskeli, jogoo, na godoro ambalo najua lilitolewa chumbani kwa mtu. Kila niliposimama kuosha mikono, mtoto alikimbia na birika. Nikaomba nile walichokuwa wanakula wao, ugali wa uwele na mlenda, wakacheka, wakaniongezea nyama.

Jioni mume wa mama mkubwa, mwalimu wa madrasa, alinisimulia habari ya Zaid. Alitekwa mtoto, akauzwa sokoni, akaangukia nyumba ya Mtume kabla ya utume. Baba yake Haritha alipomfuata na fidia, Zaid akachagua kubaki, na Muhammad akamtangaza mbele za watu kuwa mwanawe. Watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Kisha ikashuka aya kwamba watoto wa namna hiyo waitwe kwa baba zao wa kuwazaa, akarudi kuwa Zaid bin Haritha. Ndiyo maana, mwalimu alisema, Uislamu unamtaka Mwislamu alee yatima kwa nguvu zote, ila haumruhusu kumpachika nasaba isiyo yake. Mtoto wa kulea harithi kama wa kuzaliwa, lakini mlezi anaweza kumwachia wasia usiozidi theluthi ya mali.

"Sasa Rajabu wewe ni bin nani?" aliuliza.

Hakuna aliyejua. Mama yangu hakumtaja mtu.

"Aya haikuacha hilo," alisema. "Baba zao wasipojulikana, ni ndugu zenu katika dini."

"Mimi Mlutheri, mzee."

Akakohoa, akatengeneza kofia. "Basi ni ndugu tu."

Nimelifikiria sana jambo hili tangu jioni ile, na kwenye suala la jina naona mzee yule yuko mbele ya mahakama yetu. Sheria iliyoniasili ilinipa kila kitu kwa sharti la kunifuta kwanza. Ya mzee ilinipunguzia urithi ikaniachia jina. Kama ningeulizwa nikiwa na miezi minane ningesema nipeni vyote viwili, na sioni kwa nini isiwezekane.

Siku ya pili usiku sikulala. Godoro lilikuwa zuri, watu walikuwa wema, vidole vilifanana, na bado nilikuwa nimekaa pembeni ya kiti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku zote nilikuwa nimeisikia methali hiyo kama onyo kwa wavivu. Usiku ule niliisikia upande wa pili: kwamba asiyepewa jembe bado ni mgeni, hata akikaa mwaka. Marangu nikifika hakuna anayenipa kiti. Kabla sijatua begi naambiwa dumu ziko pale, mabomba yamekauka, na ukipita kwa fundi mwambie analetaje mlango nusu. Asubuhi ya siku ya tatu nilitafuta jembe pale Kondoa, nikaliona limeegemea ukuta. Sikuthubutu kulishika. Nikapanda basi.

Mama alikuwa anachambua mchele nilipoingia.

"Wana mvua?" aliuliza.

"Kidogo."

Nikamwekea mapajani picha niliyopewa, msichana wa miaka ishirini na kitu mbele ya ukuta wa udongo, mkono umeziba nusu ya kicheko. Aliitazama muda mrefu, akaiegemeza kwenye ukingo wa ungo, akaendelea na mchele, akaitazama tena.

"Masikio," alisema.

Kuna wanaodhani kwamba damu ikijulikana mambo yameisha. Miaka michache iliyopita nilikwenda kupima afya, na muuguzi akaniuliza kama kwetu kuna mwenye presha au kisukari. Nikajibu bila kufikiri, "Baba, presha ndiyo iliyomwondoa." Akaandika. Nikawa nimefika getini ndipo nikakumbuka kwamba presha ile haiwezi kunifikia. Miaka kumi na zaidi nilikuwa nimejinyima chumvi kwa kuogopa ugonjwa wa mtu ambaye hatukuwa na tone moja la damu pamoja. Nilisimama pale nikitaka kurudi kusahihisha, nikaona foleni, nikaacha. Chumvi mpaka leo situmii nyingi.

Rwanda wamelielewa hili la undugu usio wa damu kwa njia ngumu kuliko zote. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, vijana walioingia chuo kikuu Butare walikuwa na pengo nyuma yao ambalo hakuna faili la kulijaza. Oktoba 1996 wanafunzi kumi na wawili walianzisha umoja wa wanafunzi manusura, AERG, na umoja huo ukajigawa katika familia. Kila familia ilichagua baba na mama kutoka kwa wanafunzi wenzao, pengine watu wa miaka ishirini na mbili. Baba yule alikagua matokeo ya mtihani. Mama alimfuata aliyelala njaa. Mmoja akioa, familia ndiyo iliyosimama kwenye kupeleka posa, na wakipata watoto, watoto wale wanao babu na mashangazi. Walijua vizuri kwamba ni familia ya kuundwa. Kilichoifanya isiwe mchezo ni kwamba baba alikuwa na haki ya kukasirika.

Mama mkubwa wa Kondoa alifariki mwaka 2023. Nilikuwa safarini, nikashindwa kuzika, nikatuma rambirambi kubwa kidogo, ya mgeni. Wiki ya tatu simu yangu ililia. Nilikuwa nimeunganishwa kwenye kundi la WhatsApp la familia, watu arobaini na kitu, wengi siwajui, wanapanga hitima ya arobaini. Kulikuwa na orodha. Mchele, mbuzi wawili, turubai, sukari. Chini yake majina na viwango, na hakuna aliyeulizwa anaweza kiasi gani.

Namba 14: Rajabu wa Marangu, 50,000, bado.

Mwezi ule nilikuwa na ada za watoto wawili. Nilimwonyesha mke wangu, akasoma jina mara mbili, akauliza huyu ni nani, nikasema ni mimi. Tukabishana kama tutume zote au nusu. Nikatuma 30,000 nikaandika kwamba nyingine nitamalizia mwisho wa mwezi. Mweka hazina, kijana ambaye sijawahi kumwona, mtoto wa nani sijui, alijibu ndani ya dakika mbili, mbele ya kundi zima:

"Imefika kaka. Salio 20,000. Mwisho ni Ijumaa, si mwisho wa mwezi."